Drami ya Moto

Osmaida alipoweka spana kwenye nati ya breki ya nyuma ya pikipiki ya baba yake, kidole chake kiligusa drami, chuma cha duara kinachosuguliwa na breki. Akakitoa upesi. Drami ilikuwa ya moto.

"Baba, tangu daktari akukataze, pikipiki hii haijatoka kabisa?"

"Itoke iende wapi?" Mzee alikuwa kibarazani, akipuliza kahawa. "Nimekwambia uitazame breki isije ikashika kutu, basi. Mwenye moyo mbovu atapanda pikipiki hapa Santiago, na milima yote hii inayoteremkia baharini?"

Osmaida akaikaza nati, akazungusha gurudumu, akasikiliza breki ikikwaruza kwa mbali. Kutu haikuwapo hata chembe.

"Naona inatosha," akasema, kama hana habari.

"Kaza tena kidogo," mzee akadakia. "Leo pale mteremko wa sokoni nusura inipeleke baharini."