Kura ya Viti

Katika somo la takwimu, Mwalimu Kibwana aliandika ubaoni: wanaokaa nyuma hufeli. "Basi kiti cha nyuma hulaza akili," akasema.

Mashavu, wa safu ya mwisho, akanyoosha mkono. "Si kiti, Mwalimu. Wa nyuma ndio tunaovuka mto kila asubuhi. Tunafika hoi, viti vya mbele vimeshajaa."

Mwalimu akafuta ubao polepole. "Tutajuaje basi, kiti ndicho au mto ndio?"

"Tupige kura. Kila mmoja akae itakapomwangukia, wavuka mto wachanganyike na wengine, kisha mtihani utuonyeshe ni nani wanaofeli."

Vikaratasi vyenye namba za viti vikakorogwa ndani ya kofia. Mashavu akapata kiti cha mbele, dirishani. Akaketi taratibu, kama aliye ndotoni. Vumbi la chaki likaelea juani, likamshukia mabegani, naye hakulipangusa.