Ua Lililogoma Kutoka

Bi Saumu akalikokota lile ua kwa kipanya, akalitupia kwenye folda ya pamoja. Likagoma tena. Programu yake ya kuchorea nakshi ilikuwa kuukuu yenye maringo, haikubali kuishi popote ila ndani ya mashine pepe, ile kompyuta ya zamani inayofunguka kama dirisha ndani ya kompyuta mpya. Nakshi ya joho la bwana harusi ilikuwa humo. Cherehani ya kudarizi ilikuwa huku nje, sindano juu, ikingoja.

"Bi Saumu," mjomba wa bwana harusi akaita kutoka kwenye benchi, "nikamwambie kijana aoe kajifunga shuka?"

"Mwambie hata hina ya mkewe haijakauka!"

Alicheka, lakini kipanya kilikuwa kimelowa jasho lake. Nikaha ilikuwa alasiri hiyo.

Makame, fundi wa kompyuta, akainama mbele ya kioo cha mashine. "Tuirudishe hii ya ndani ilivyokuwa jana. Jana si ilitoa faili vizuri?"

Kidole chake kilishafika kwenye kitufe. Bi Saumu akamdaka mkono.

"We Makame! Jana nilikuwa sijachora, ua litafutika!"

Makame akaondoa kidole. Akafungua mipangilio taratibu, akaona: folda imeruhusiwa kusomwa tu, kuandikiwa hapana. Akaondoa alama.

Bi Saumu akalikokota ua tena, na faili likatokea nje. Hakuna aliyeshangilia. Sindano ikashuka kwenye kitambaa cheusi, ikavuta uzi wa dhahabu, na wote watatu wakainamia mshono wa kwanza, ambao bado haukusema kama ni ua.