Kisanduku cha Kutafutia

"Hakuna faili," kompyuta iliandika tena.

"Hakuna kabisa, kaka?" aliuliza yule mama wa Kirundi aliyejitambulisha kwa jina la Mama Onesphore, basi.

"Kabisa, mama. Pole."

Alimwachia Stanslaus karanga za kukaanga mezani, kama kila alipokuja, akashika njia ya sokoni Kashaulili. Heshima za watu hawa bwana, Stanslaus aliwaza. Unashindwa kumpatia mtu ndugu yake, yeye anakushukuru.

Alikuwa amechoka, amechoka hasa, macho yanawasha na mgongo hautaki tena kiti. Ofisi ile ilikuwa ya wakimbizi waliopotezana: wazazi na watoto, waume na wake, madada. Yeye kazi yake ilikuwa moja, kuifanya kompyuta itafute faili kwa namna ambayo hata mtu asiyewahi kuigusa angeiweza. Ijumaa wakubwa wanakuja kuikagua. Wakikuta bado haipati watu inarudi Dar, na dada wa huyu mama ndiyo basi tena.

Tatizo alilijua. Programu ililetwa ikiwa tayari, na ilitaka jina la ukoo. Sasa jina la ukoo kwa Warundi utalitoa wapi? Baba ana lake, mtoto ana lake, ndugu wa tumbo moja kila mmoja na lake. Mama Onesphore alisema anamtafuta dada yake Annonciata, na jina Annonciata peke yake mashine haikulitaka.

Basi Stanslaus akavunja kila kitu. Vile visanduku vyote vya maswali akavifuta, akaacha kimoja kikubwa katikati ya skrini, na juu yake maneno haya: ANDIKA CHOCHOTE UNACHOKUMBUKA. Kilima alikozaliwa mtu, jina la mama yake, chochote. Ilimtoa jasho kazi hiyo, na usingizi pia.

Alhamisi Mama Onesphore alipokuja, Stanslaus alimpisha kiti ajaribu mwenyewe. Mama akasoma yale maandishi kwanza.

"Mtu yeyote anaweza kuandika hapa?"

"Yeyote. Wala huhitaji kusomea."

"Na itamwonyesha anakoishi huyo mtu?"

"Kijiji mpaka nyumba."

Aliivuta kibodi karibu. Kisha akaandika jina la mama yake, herufi moja moja, kwa kidole kimoja.

Kompyuta ilikoroma, ikatoa faili moja. Annonciata. Kabungu, nyumba ya tatu kutoka kisimani.

Uchovu wote ulimtoka Stanslaus. "Tumempata, mama. Dada yako yuko hapa karibu, kijijini Kabungu."

Mama Onesphore hakucheka wala hakulia. Aliifunika skrini kwa viganja vyote viwili.

"Nifiche tena, kaka," alisema. "Annonciata ni mimi, na mume wangu analijua jina la mama yangu."