Matairi ya Gari la Bosi

Siku hiyo mjinga alikuwa yeye, na hata leo ukimuuliza hakatai.

Gari lake la spoti, jekundu, la milango miwili, lilikuwa limekaa juu ya jeki nne, magurudumu yote yametolewa. Fundi matairi alikuwa amechuchumaa sakafuni, anapitisha kidole gumba kwenye tairi la nyuma kama daktari anayetafuta mfupa uliovunjika.

"Kipara kabisa," fundi alisema. "Na limeliwa upande wa ndani. Kaka, dereva wa gari hili haogopi kona. Anaziingia hivyohivyo, habari ya breki baadaye."

Yeye mwenyewe alishangaa kidogo. Hakukumbuka kona zenyewe ni zipi. Lakini sifa ya bure nani huikataa? Akaweka kola ya shati sawa.

"Ni mkono huu hapa, fundi," akasema, akauinua wa kulia.

"Basi wewe nikufungie matairi laini. Yanaisha upesi, lakini yanaing'ang'ania lami."

"Hayohayo!"

Wakaingia kwenye kiofisi cha ukuta wa kioo. Fundi akaiweka kadi ya gari mezani, akaanza kunakili aina ya gari. Hajamaliza mstari wa pili, mlango ukafunguliwa, akaingia mama mkwe.

Mama mkwe wake yeye. Mama aliyemzaa mke wake.

Miezi saba iliyopita, bega likiwa limefungwa kitambaa baada ya kulipeleka gari lingine mtaroni, aliapa mbele ya mama huyuhuyu kwamba yeye na magari ya mbio basi. Mke wake hakupandisha hata sauti. Alisema tu, "Nikikukuta nalo tena, mimi narudi kwa mama." Kwa hiyo hili jekundu alilinunua kimyakimya, likawa linalala kwenye karakana ya rafiki yake seremala, na ufunguo ukalala nyumbani ndani ya kiatu chakavu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Na wewe umefuata nini huku?"

Kadi ilikuwa mezani, uso juu, jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa. Akaikalia kwa kiwiko.

"Nimetumwa, mama. Gari la bosi."

Fundi akainua kichwa. "Bosi? Si umeniambia sasa hivi kwamba mkono ni…"

"Bosi!" akamkata, akamkonyeza mpaka jicho likauma. "Bosi wangu wa kazini. Mtu mzima. Mpole."

"Ahaa," mama akasema. Akavuta kiti, akaketi upande wa pili wa meza ileile, akatoa miwani kwenye mkoba na kuanza kuifuta vioo taratibu. "Mimi nimefuata mzigo tu. Endeleeni na kazi yenu, sina haraka."

Endeleeni! Kiwiko hakisogei, gari halina miguu, na mama anafuta miwani.

"Mkwe, hebu nisogezee kile kiti niweke mkoba."

Akakivuta kwa mguu.

"Mbona simu yako inalia?"

"Iache ilie, mama. Itachoka."

Fundi akamtazama kwa huruma, jinsi mtu anavyomtazama mgonjwa asiyejua kuwa anaumwa. "Sasa huyo bosi mpole tumfungie yapi?"

Akameza mate. Yale laini aliyokuwa akiyaota kwa wiki nzima yalikuwa yamepangwa nyuma ya kioo, meusi, yanang'aa, hatua tano tu kutoka alipokaa.

"Magumu," akasema. "Yale ya gari la familia. Yanayodumu."

"Kwenye gari hili? Mvua ya kwanza tu, bosi wako anaingia sebuleni kwa watu."

"Bosi hana mambo ya kona."

"Basi yale matairi yameliwa na panya?"

Mama akaguna. Mkwe hakujua kama ni kicheko au ni kikohozi, na hakuthubutu kumtazama ili ajue.

"Magumu, fundi. Funga niondoke."

Fundi akavua kofia, akaiweka mezani. "Sifungi. Mtu akifa, nitatajwa mimi."

"Basi nirudishie ya zamani."

"Vile vipara? Sivirudishi ng'o. Gari hili litatoka na matairi laini au litalala hapohapo juu ya jeki."

Akikubali laini, bosi mpole amekufa palepale mezani. Akikataa, gari halitoki. Akitimua mbio kwa miguu, kiwiko kinaondoka na jina linabaki. Mkono wenyewe ulikwishakufa ganzi, na mama alikuwa ameshavaa miwani.

"Bosi ameagiza magumu!" akapaza sauti.

"Bosi wako hajui matairi!" fundi naye akapaza.

"Anajua!"

"Hajui! Mlete hapa nimwambie mwenyewe!"

Mama mkwe akagonga meza kwa kidole, mara moja.

"Mkwe, muache bosi wa watu apumzike," alisema. "Na wewe fundi, lifungie gari hilo yale laini manne aliyoyaagiza binti yangu kwa simu. Anayezikunja hizo kona ni yeye. Huyu hulitoa tu likaote jua."