King'ora cha Faraji

Nasra aliijua sheria kabla hajaolewa na Faraji, rubani: ndege ikianguka, king'ora cha uokozi humwita mtu mmoja tu, yule ambaye moyo wa rubani wenyewe umemchagua. Kila Ijumaa marubani walivijaribu ving'ora vyao, na vipokezi vya waliochaguliwa vikalia majumbani.

Cha Nasra hakikuwahi kulia. Kilicholia ni cha Mwanakombo, mtalaka wa Faraji, mtaa wa pili.

"Mwenzangu, mimi sikukiomba," Mwanakombo alimwambia siku moja sokoni. Upole ule ukamchoma Nasra kuliko tusi.

Basi akaenda kwa Mwanakombo kuazima sinia, akatoka na kipokezi ndani ya kanga, akakifukia kwenye pipa la unga. Ijumaa kilipolia, alikikumbatia akacheka peke yake.

Jumanne kikalia tena.

"Rubani yuko chini," kilisema. "Taja jina lako uonyeshwe alipo."

"Nasra. Mkewe."

"Sauti haitambuliki. Taja jina lako."

Akajaribu jina jingine. "Mwanakombo."

"Sauti haitambuliki."

Nasra akatoka nacho mbio peku, unga umemjaa mikononi, akimwomba Mungu amkute yule mwanamke nyumbani.