Chetezo Nyumbani kwa Wifi

Waliomba mkopo wa nyumba benki ileile, Hidaya na wifi yake Saada. Saada akapewa. Hidaya akakataliwa, kwa kuwa fleti aliyoipenda ilikuwa juu ya tanuri la mikate, na benki ile haikopeshi nyumba iliyo juu ya moto.

Siku Saada alipohamia, Hidaya ndiye aliyeitwa kufukiza, maana kwao nyumba mpya hufukizwa na wifi. Akashika chetezo, udi ukifuka, akapita sebuleni penye vigae vyeupe kama sahani za arusi. Akaingia jikoni, akafungua bomba, maji yakatoka kwa nguvu hata akayachukia.

"Fukiza vizuri, wifi, usinibanie moshi!" Saada alimtania. "Au wanusa mikate yako?"

"Cheka tu, mwenye nyumba."

Mwisho wa korido palikuwa na chumba kimoja, mlango umerudishwa. Hidaya akakifikia, akatazama nyuma, akakiruka. Angalau kimoja kikose baraka, roho yake ilisema.

"Umepita kote?"

"Kote."

Saada akamvuta mkono hadi mlango uleule, akausukuma. Ndani kitanda kilitandikwa shuka la maua, na juu ya mto pana doti ya kanga mpya.

"Hiki chako, wifi yangu. Ondoka kwenye chumba cha kupanga, ukae humu hadi upate fleti wasiyoiogopa."

Kisha akanusa hewa ya mle ndani, akakitazama chetezo.

Hidaya akasimama kizingitini. Makaa yalikwisha kufifia. Akainama, akayapuliza kwa pumzi zake zote, na majivu yakampanda machoni.