Kigelegele cha Bi Kidawa

Zama hizo kila sauti ilikuwa na mwenyewe, na ukitaka kutoa ya mtu, sharti uombe kibali. Ndiyo maana wakili Mwanahawa, aliyezeeka akitetea hakimiliki katika mahakama za biashara za ng'ambo, aliingia Tanga siku ya harusi ya bintiye moyo ukimdunda kwa furaha.

"Mama, tumeshinda!" alimwambia mamake, Bi Kidawa, mlangoni. "Ile kampuni iliyojimilikisha kigelegele chako na kukuzuia kukipiga imenyang'anywa. Sasa ni chako peke yako, dunia nzima!"

"Kile chenye kwikwi mwishoni?"

"Hichohicho. Kipige!"

Bi Kidawa akakipiga mpaka mtandio ukamwanguka. Bibi harusi akacheka kwa sauti. Lakini majirani walisimama wameziba midomo kwa kanga.

"Nyie, mbona mmeduwaa?"

"Twasubiri kibali chako, Bi Kidawa," akajibu Somoe, mkubwa wao.

"Kibali cha nini, wendawazimu nyie? Pigeni!"

Wakapiga, nyumba nzima ikarindima. Kisha wakaja mmoja mmoja, wameinama, kumshukuru mwenye kigelegele.

Bi Kidawa akamvuta Mwanahawa kando. "Mwanangu, wananishukuru nini hawa? Kigelegele hiki alinifundisha mama yake Somoe."